Canter: Kutoka Miguu ya Farasi

SWALI: Mhariri, mimi ni dereva wa Canter, nabeba ndizi kutoka Marangu hadi Soko la Kilombero, Arusha. Jina la gari hili lina maana gani? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushukuru kwa swali zuri. Canter ni neno la Kiingereza linalotaja mwendo wa farasi ulio kati ya mwendo wa matiti (kukimbia polepole) na shoti (kukimbia kwa kasi), nalo ndilo Mitsubishi ililolitumia kwa lori lake jepesi tangu mwaka 1963. Katika mwendo huo kwato husikika mara tatu: mguu mmoja wa nyuma hutua kwanza, hufuata mguu wa pili wa nyuma pamoja na wa mbele wa upande wa pili, kisha mguu wa mbele uliobaki, na baada ya hapo farasi huwa hewani kitambo kidogo kabla ya kuanza tena. Ni mwendo usiomchosha mpandaji, na hapo ndipo asili ya neno ilipo.

Baada ya Askofu Mkuu Thomas Becket kuuawa ndani ya kanisa lake mjini Canterbury, Uingereza, mwaka 1170, mahujaji walimiminika kwenye kaburi lake, wengi wao wakiwa juu ya farasi. Waingereza wa baadaye wakauita mwendo wa wastani uliohusishwa na mahujaji hao “mwendo wa Canterbury”, na kufikia karne ya 18 jina hilo refu lilikuwa limekatwa likabaki canter.