Bustani ya Kiangazi Dodoma: Punguza Matuta, Usipunguze Maji

Nimekulia Muheza, mkoani Tanga. Kule ukitupa mbegu za papai nyuma ya jiko, baada ya wiki chache unakuta miche. Kuna masika, kuna vuli, na hata katikati yake manyunyu hayakosi. Mwaka 2018 kazi ya mume wangu ilituleta Dodoma, tukapanga nyumba Mkonze yenye uwanja mzuri, na vyombo vilipokwisha kupangwa nikashika jembe. Nikainua matuta sita: sukuma wiki, chainizi, mchicha, nyanya, pilipili hoho na karoti. Kufika Septemba yote sita yalikuwa yamekauka, na sikuacha kumwagilia hata siku moja.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Ukiacha kumwagilia, mboga ikifa unajua sababu. Mimi nilibeba ndoo kila jioni, mgongo ukaniuma, na mboga zikafa vilevile. Kila mwaka ikifika Julai nawaona majirani wapya wakipita njia ileile, ndiyo maana nimeona niandike.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata kama milimita 500 hadi 600. Baada ya hapo mbingu inafunga. Juni na Julai usiku ni baridi lakini mchana upepo unavuma mpaka mabati yanalia. Watu wengi hudhani hiyo siyo miezi ya ukame kwa sababu jua halijawa kali, kumbe upepo unakamua majani kama nguo. Jua kali lenyewe linakuja Septemba, Oktoba na Novemba, wakati udongo umeshachoka.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja jirani, Mgogo, aliyekuwa akipita kwangu akitoka kuchota maji. Jioni moja alinikuta namwagilia. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka dumu lake chini akawa ananitazama. Nilipomaliza tuta la sukuma wiki akaokota kijiti akachimba katikati yake. Juu udongo ulikuwa mweusi, umelowa, unapendeza. Kijiti kilipopita kina cha kiungo kimoja cha kidole kikatoa vumbi jekundu, kavu kabisa, likimiminika kama unga wa mtama. "Mwanangu," akasema, "umeuosha udongo uso. Mizizi haijaonja."

Usiku ule nilikaa na kalamu. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Mboga iliyokomaa, kwa jua na upepo wa huku, inaweza kunywa milimita 5 au 6 kwa siku. Tuta langu lilikuwa na upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, kwa hiyo lilihitaji lita 15 hadi 18 kila siku, yaani karibu ndoo kubwa nzima ya lita 20. Matuta sita, ndoo sita. Mimi nilikuwa nagawa ndoo mbili kwa matuta yote sita, kwa sababu maji ya bomba yalitoka kwa mgao mara mbili kwa wiki na simtanki letu la lita 1,000 lilikuwa pia la kupikia, kufulia na kuoga. Kila tuta lilipata theluthi ya haja yake, na hiyo theluthi ilibaki juu juu, asubuhi jua likaichukua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote yatakayofuata: hesabu maji uliyonayo kwanza, halafu ndipo uamue ukubwa wa bustani. Ukiwa na ndoo mbili za ziada kwa siku, una bustani ya matuta mawili. Yanayobaki yafunike kwa nyasi yapumzike mpaka mvua. Inauma kuacha ardhi iliyolimwa, najua, lakini tuta moja lililoshiba linaipa familia mboga za majani, na sita yenye kiu hayalishi mtu.

La pili ni namna ya kumwagilia. Miche michanga na mchicha uliotoka kuota wanahitaji maji kidogo kila siku, hilo halina ubishi, maana mizizi yao iko juu. Lakini mmea ukishashika, ni afadhali umpe maji mengi kila baada ya siku mbili, yashuke mpaka kina cha shibiri, kuliko kumlambisha kila jioni. Mizizi hufuata maji. Ukiyaweka juu, nayo inabaki juu, penye moto. Mwagilia alfajiri au jua likishazama, maji yaende chini ya shina, na kila baada ya siku kadhaa chimba kwa kijiti uone mwenyewe yamefika wapi. Mimi kijiti changu nimekichomeka kwenye ua, hakitoki hapo.

Halafu kuna hili la matuta yenyewe. Kwetu Muheza tuta huinuliwa ili maji ya mvua yasisimame yakaozesha mizizi. Nilikuja na desturi hiyo Dodoma bila kuifikiria, na hapa ni kinyume: tuta lililoinuka linapigwa na upepo pande zote na maji yanateremkia njiani. Siku hizi sina matuta, nina vijaruba. Nachimba mpaka kina cha sentimita 30 hivi, navunja lile tabaka gumu la chini, nachanganya udongo na samadi kuukuu ya ng'ombe, ndoo mbili kwa kila mita ya mraba, kisha narudisha udongo nikihakikisha uso wa bustani unabaki chini ya njia kwa kama sentimita 10. Kingo ndogo pembeni. Ukimwaga maji yanatulia yote ndani, hayana pa kukimbilia, na upepo unapita juu ya vichwa vya miche. Samadi iwe iliyooza vizuri, isiyo na harufu. Ile mbichi huunguza mizizi, na wakati wa joto huunguza zaidi.

Matandazo ni lazima. Udongo ulio uchi mchana wa Oktoba huwezi kuukanyaga peku, sasa fikiria mizizi. Lakini hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu: mchwa. Mara ya kwanza nilitandaza nyasi kavu nene, nikafurahi, wiki mbili baadaye nyasi zimefunikwa na vichuguu vya udongo, na pilipili hoho tatu zimelala chini, shina limekatwa usawa wa ardhi. Nilipoigusa ya nne ikanibakia mkononi. Nilitaka kuacha matandazo kabisa. Sikuacha, nilibadilisha namna. Sasa nyasi naziweka mbali na shina kwa vidole vinne, shina lenyewe nalizungushia majivu, nikiyarudia kila baada ya kumwagilia, na kwenye pilipili natumia kokoto badala ya nyasi. Pembeni ya bustani naacha rundo la mabua makavu. Mchwa wanapenda kikavu kuliko kibichi, wakipata mabua wengi wao huishia huko. Maganda ya karanga pia ni matandazo mazuri sana, na msimu wa karanga wachuuzi huyatupa.

Upepo nimeuzuia kwa ua wa mabua ya mtama upande wa mashariki na kusini, unakovumia zaidi. Usijenge ukuta usiopitisha kitu. Upepo ukigonga ukuta huruka na kuanguka nyuma yake ukizunguka, ndipo unapovunja miche. Mabua yenye nafasi nafasi huupunguza nguvu tu, na hiyo inatosha. Jua la kuhofia ni la saa nane hadi saa kumi, kwa hiyo kivuli kiwe upande wa magharibi. Neti nyeusi ya kivuli ni nzuri kama unaweza kununua. Mimi nilianza na khanga kuukuu juu ya fito nne.

Kwa mitungi nina furaha ya pekee. Ile ya udongo wa kawaida, isiyopakwa rangi, inayouzwa sokoni kwa ajili ya maji ya kunywa. Nafukia mmoja mpaka shingoni, napanda nyanya chungu au pilipili nne kuuzunguka, naujaza maji na kuufunika kwa kifuniko ili mbu wasizae. Maji yanatoka polepole kupitia ukuta wa mtungi kadiri udongo unavyokauka. Mtungi wa lita 8 najaza kila baada ya siku tatu au nne. Mwaka jana niliufukua mmoja nikakuta mizizi imeukumbatia mtungi mzima, myeupe na laini kama nyuzi za pamba, mpaka nikamwita mwanangu aje aone. Kama maji yako yana chumvi, jua kwamba vitundu vya mtungi huziba baada ya muda. Loweka, sugua kwa brashi, rudisha.

Hiyo chumvi yenyewe si ya kupuuza. Maji ya visima vingi vya huku ni mazito. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, au ncha za majani zinaungua, sababu inaweza kuwa hiyo. Usinyunyizie majani. Mara moja kwa mwezi kipe kijaruba maji mengi kupita kawaida ili chumvi isukumwe chini, na maharage usiyapande hapo, hayaivumilii. Maji ya kusuuzia mchele, mboga na vyombo nayakusanya yote. Ya kufulia yenye sabuni nyingi naupa mpapai na mgomba, kamwe si mboga za majani, na yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo simpi mmea wowote.

Kuhusu nini upande, nitasema kwa ufupi. Mchicha unapenda joto, na ndani ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Bamia, kunde, nyanya chungu na matembele vinavumilia. Kisamvu na mlonge vikishashika havikuulizi maji. Chainizi na figili ukizipanda Septemba hukimbilia kutoa maua na majani yake yanakuwa machungu, ziache za Mei na Juni. Wagogo wenyewe hukausha mlenda na majani ya kunde wakati wa mvua ili wale kiangazi, na tangu bibi yule aniletee kifuko cha kwanza, nami nakausha.

Nyanya ndizo zinazowatoa watu machozi. Joto likipita nyuzi 32 hivi, maua mengi hudondoka bila kushika tunda, hata ukimwagilia vipi. Ukikosa maji siku nne kisha ukaumwagia mmea ndoo nzima, matunda huoza kitako: doa jeusi, limebonyea, chini ya nyanya. Si ugonjwa wa kuambukiza na hakuna dawa ya kupuliza. Mmea umeshindwa kupeleka kalisi (kalsiamu) kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja na kukatika, na kinachosaidia ni maji yasiyoyumba pamoja na matandazo. Ukame pia unaleta utitiri mwekundu, utauona kwa vidoa vya manjano na utando mwembamba chini ya jani, na kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, hachelewi. Mimi nyanya napanda Machi, navuna mpaka Agosti, naing'oa. Za Oktoba nanunua sokoni, na sioni aibu.

Novemba mawingu yanaanza kujikusanya kila mchana na kutawanyika jioni, na hapo ndipo watu wengi wanafungua matandazo wakidhani kazi imekwisha. Acha nyasi zako. Tumia wiki hizo kurekebisha mfereji wa paa. Bati la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20, ni lita 1,200 zinazoshuka kwa alasiri moja, simtanki la lita 1,000 halizitoshi. Maji ya mvua ya kwanza yana vumbi la miezi saba na vinyesi vya ndege, usiyaingize tangini. Mimi nimechimba mtaro kutoka kona ya nyumba mpaka kwenye mpapai, yanaishia huko.