Clough alibeba Kombe la Ulaya na Forest
Kama unadhani kocha Mwingereza Brian Clough alibeba Kombe la Ulaya na klabu ya Derby County: hapana, si Derby. Alitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya akiwa na Nottingham Forest, tena mara mbili mfululizo: 1979 dhidi ya Malmö kule Munich, na 1980 dhidi ya Hamburg kule Madrid, zote 1-0. Bao la Munich ni kichwa cha Trevor Francis, krosi ya John Robertson kutoka kushoto. Mwaka uliofuata Robertson akafunga mwenyewe. Derby aliipa ubingwa wa ligi 1972, ila Ulaya waliishia nusu fainali 1973, wakatolewa na Juventus. Na jamani, msimsahau msaidizi wake Peter Taylor. Jicho lake la kusaka wachezaji lilizijenga timu zote mbili.