Slaidi zifunguke kwenye kivinjari chochote

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Umesema slaidi zako za PowerPoint za somo la moyo, ulizohifadhi kama ukurasa wa wavuti, zinaonekana vizuri kwenye Internet Explorer ya kompyuta ya zamani ya ofisini, lakini wanafunzi wenye Chrome na Firefox wanaona maandishi yamepandana. Njia hiyo ya kuhifadhi kama ukurasa wa wavuti ililenga zaidi Internet Explorer, na Microsoft wenyewe waliitoa kwenye menyu kuanzia PowerPoint 2010. Achana nayo.

Hifadhi kama PDF. Chrome, Firefox, Edge na Safari zote huifungua bila kuongeza programu nyingine, na kwa kawaida fonti huwa ndani ya faili lenyewe, hivyo neno "aota" halihami kutoka kwenye mshale wake. Ila miondoko yote hupotea: vishale vilivyokuwa vikitokea kimoja kimoja vitajazana kwa pamoja. Mimi hunakili slaidi kama hiyo mara tatu, kila nakala naiongezea mshale mmoja. Mwanafunzi akisogeza kurasa, anaona damu ikitembea hatua kwa hatua.

Kama ni lazima sauti yako isikike, toa video ya MP4, uchague ubora wa chini wa 480p ili faili liwe dogo. Bando la watoto ni dogo.