Van Bronckhorst: kutoka unahodha hadi benchi la ufundi

SWALI: Giovanni van Bronckhorst alistaafu baada ya fainali ya Kombe la Dunia 2010, akiwa nahodha wa Uholanzi. Alipewa timu ya kufundisha moja kwa moja?

JIBU: Hapana, na hapo ndipo alipowazidi wengi. Mwaka 2011 alirudi Feyenoord kuwa kocha msaidizi, kwanza chini ya Ronald Koeman, kisha Fred Rutten. Timu alikabidhiwa 2015. Mwaka 2017 akatwaa ubingwa wa ligi, wa kwanza kwa klabu hiyo tangu 1999.

Baadaye akiwa kocha wa Rangers ya Scotland, aliifikisha fainali ya Ligi ya Europa 2022 dhidi ya Frankfurt ya Ujerumani: sare 1-1, mikwaju ya penalti. Aaron Ramsey wa Rangers, aliyeingia dakika za mwisho kabisa, alipiga katikati. Kipa wa Frankfurt, Kevin Trapp, akaokoa kwa mguu. Kumpa mkwaju mtu ambaye mwili haujapata moto ni kamari. Frankfurt wakashinda 5-4. Novemba mwaka huo Van Bronckhorst akatimuliwa.