Maua ya Kitulo: tuwapeleke watoto Juni au Januari?

SWALI: Shikamoo mzee. Kikundi chetu cha mazingira hapa Uyole kinatunza kichaka chenye chemchemi, na kila likizo tunawatembeza humo watoto na wazazi wao bila malipo. Safari hii tunataka tuwafikishe Hifadhi ya Taifa ya Kitulo wakaone maua. Wazazi wengi wanapendekeza Juni kwa sababu barabara inakuwa kavu. Unatushauri nini? Na tukifika, tuwaonyeshe nini?
Mwalimu, Uyole

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongereni kwa kuitunza chemchemi hiyo.

Juni msiende. Barabara itapitika vizuri, sikatai, lakini mtakuta nyasi zimekauka na asubuhi umande umeganda. Uwanda wa Kitulo uko kama meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, na maua yake hufuata mvua: huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, aina zipatazo 350, zikiwemo aina 45 za okidi za ardhini, yaani zinazoota udongoni wala si juu ya miti. Mtoto uliyemwahidi maua, kisha ukampeleka Juni, hatakuamini tena.

Nendeni mwisho wa Desemba shule zikiwa zimefungwa, au Jumamosi moja ya Januari. Mvua za kwetu hupenda kushuka mchana, kwa hiyo ondokeni alfajiri. Kutoka Chimala mnapanda zile kona 57 hadi Matamba. Dereva awe mzoefu wa njia hiyo ikiwa imelowa. Ikinyesha usiku kucha, ahirisheni, hata kama pilau imeshapikwa.

Mkishafika, msitembee mbali. Tafuteni okidi moja, watoto wapige magoti kuizunguka bila kuikanyaga, halafu waelezwe kilichoko chini yake. Kuna kiazi. Kila msimu mmea unatumia kiazi cha zamani huku ukijaza kipya, na kiangazi chote unaishi ardhini bila jani hata moja juu. Anayekichimba kiazi ameumaliza mmea wote. Viazi hivyo vimechimbwa miaka mingi katika milima ya Makete na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga, chakula kinachoitwa chikanda. Waelezeni watoto jambo hili waziwazi, ila msimtukane mchimbaji mbele yao. Kwa wengine ndiyo ada ya mtoto.

Hakutakosekana mzazi wa kutaka kubeba mche akaupande nyumbani. Hifadhini ni marufuku, na hata ungeruhusiwa usingefaa kitu. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti bila kuvu wanaoishi kwenye udongo. Huwezi kuhamishia maisha yote hayo kwenye ndoo.

Wakichoka kuinama, wainue macho. Miezi hiyo mbayuwayu wa buluu huwa wamekuja kuzaliana, na hupita chini kabisa juu ya nyasi wakiwinda wadudu.

Andikeni barua mapema ofisi ya hifadhi, Matamba, mkiomba kiongozi na kuuliza viingilio. Ningependa kila kiongozi awe na watu wasiozidi 12, maana wakizidi hapo wa nyuma husikia upepo tu. Sweta, koti la mvua na mabuti ni lazima kwa kila mtoto.

Wazazi wakishikilia Juni, basi nendeni msitu wa Mlima Rungwe, kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Huko miti haingoji msimu. Ndiko anakoishi kipunji, kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimfahamu. Ana mlio kama wa kubweka, na huenda mkausikia. Kumwona ni bahati, kwa hiyo hilo msiwaahidi.