Kontrola ya treni ndogo kwa kompyuta: usilipe kwanza!

Mkuu, usilipe. Kama kidole kiko kwenye kitufe, kitoe.

Umesema umepata seti ya kuanzia ya DCC (mfumo wa kuendesha treni ndogo kwa amri za kidijitali, boksi la kuongozea linazituma kupitia reli) kwa bei nzuri, unataka uiunge na laptop uendeshe treni kwa JMRI, ile programu ya kompyuta ya kuongozea treni hizi. Nilisoma mpaka pale uliposema "muuzaji kanihakikishia ina tundu la kompyuta", tumbo likanikata. Maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Ninajenga bandari ya Mwanza Kusini kwa kipimo cha 1:87, reli ya milimita 12 kwa sababu reli yetu ile ya zamani ina upana wa mita moja, na MV Umoja, meli ya kubeba mabehewa ziwani, ikipakia. Kuna mtaalamu mmoja kwenye grupu la WhatsApp, yule wa kujibu kila kitu kwa "simple tu mkuu", akaniambia chukua boksi fulani, nyuma lina tundu, nunua adapta ya USB umemaliza. Shemeji yangu Ujerumani akanunua. Nikalipia usafiri, nikalipia ushuru Dar, nikalipia basi mpaka Nyegezi. Kabla treni haijasogea hata sentimita moja nilikuwa nimeshapita laki tisa, na mama watoto anajua ni laki tatu. (Kama unasoma hapa, mke wangu, hii ni hadithi ya kubuni.)

Nikachomeka. JMRI haioni kitu. Nikabadilisha waya, nikabadilisha laptop, nikaweka Linux, miezi miwili nakesha. Tundu lipo kweli, linafanana na la simu ya mezani. Kumbe ni la kuongezea rimoti ya pili ya kampuni ileile! Lugha inayopita humo ni siri yao, na adapta yangu inazungumza nyingine.

Hapa ndipo tunapopigwa wengi. Neno DCC lililoandikwa kwenye boksi linahusu reli tu. NMRA, chama cha treni ndogo cha Marekani, ndicho chenye viwango vya ishara inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye dekoda, kile kibodi kinachopokea amri ndani ya kichwa cha treni, ndiyo maana dekoda ya kampuni hii inatii boksi la kampuni ile. Lakini kati ya boksi na rimoti, au boksi na kompyuta, kila kampuni na lugha yake: huyu LocoNet, yule XpressNet, mwingine hana mlango kabisa. Kwa hiyo vichwa vyangu vya treni vilipona. Boksi ndilo lililokufa na hela yangu. Kulirudisha Ujerumani ni gharama juu ya gharama, na Mwanza nimuuzie nani, wavuvi wa Kirumba?

Yule mtaalamu nilipomfuata akanijibu, "kwani hukusoma manual?" Nilisoma, kaka. Ilikuwa ya Kijerumani.

Kwa hiyo anza na programu, boksi lifuate. Ingia tovuti ya JMRI, programu yenyewe ni ya bure, tafuta orodha ya vifaa inavyovitambua. Tafuta jina la boksi lako pamoja na namba ya modeli, maana kampuni moja inaweza kuwa na boksi linalokubali na pacha wake asiyekubali. Halipo? Liache, hata likiuzwa bei ya dagaa.

Mimi sasa natumia DCC-EX, boksi la DCC la kujiundia mwenyewe: Arduino Mega (bodi ndogo ya kompyuta), bodi ya kuendeshea mota juu yake, adapta ya umeme, waya wa USB. Haikufika laki mbili na JMRI iliitambua siku ileile. Ukiweka adapta ya zaidi ya volti 12, kata kwanza kile kinjia cha Vin kwenye bodi ya mota, kinachopeleka umeme wa adapta kwenye Mega, la sivyo unapeleka umeme huo ndani ya Mega. Hilo silisemi kwa sababu limewahi kunitokea. Mega yangu ya kwanza ilikufa kwa malaria.

Sasa nitumie picha ya mgongo wa hilo boksi, matundu yote yaonekane na maandishi yake. Na muuzaji muulize jambo moja: hilo tundu linaitwaje? Akikujibu "la kompyuta", mwambie una msiba Sengerema utarudi wiki ijayo.