Gari linalojiendesha na gari lisilo na dereva: je, ni kitu kimoja?

Msomaji wetu wa Morogoro, ambaye ni mfasiri, ameuliza: "Nafasiri muhtasari wa utafiti wa chuo kikuu kuhusu usalama wa magari ya kisasa. Niliandika: 'Watafiti wanachunguza usalama wa gari inayojiendesha yenyewe bila dereva.' Mhariri amesema nimekosea upatanisho, kisha akabadili kila mahali kuwa 'gari lisilo na dereva'. Je, maneno hayo mawili ni sawa? Na 'gari lenye akili' linaingia wapi?"

Kwenye upatanisho mhariri wako yuko sahihi, na hilo tulimalize upesi. Gari limo katika ngeli ya LI-YA: gari linalojiendesha, magari yanayojiendesha. Mitaani, Dar es Salaam hata Nairobi, "gari hii" ndiyo husikika kutwa, nami sioni sababu ya kumsahihisha mtu katikati ya mazungumzo. Muhtasari wa kitaaluma lakini huandikwa kwa Kiswahili sanifu. "Yenyewe" nayo iondoe tu, maana -ji- imeshaifanya kazi hiyo.

Kuhusu "lisilo na dereva", hapo simuungi mkono kabisa. Maneno hayo yanatueleza kama kuna mtu kwenye usukani au hakuna. "Linalojiendesha" linatueleza ni nani anayeifanya kazi ya kuendesha. Haya ni mambo mawili, na Kiswahili kimeyatenga vizuri. Mashirika ya umma hutakiwa kila mwaka yajiendeshe kibiashara, wala hakuna anayedhani kwamba shirika linalojiendesha halina mkurugenzi.

Historia ya utafiti wenyewe inaonyesha kwa nini tofauti hii ina uzito. Mwaka 1995 zilifanyika safari mbili mashuhuri. Nchini Ujerumani, Ernst Dickmanns na wenzake wa chuo kikuu cha jeshi mjini Munich walipeleka gari lao hadi Odense, Denmark, na kurudi. Kwa sehemu kubwa ya njia kompyuta ilishika usukani, mafuta na breki, huku dereva ameketi tayari kuingilia. Gari hilo lilijiendesha, ila dereva alikuwamo. Mwaka huohuo Dean Pomerleau na Todd Jochem wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walivuka Marekani kutoka Pittsburgh hadi San Diego. Kompyuta iliushika usukani kwa zaidi ya asilimia 98 ya njia, lakini mafuta na breki vilikuwa miguuni mwa watu. Mimi nisingesema gari hilo lilijiendesha. Ningesema lilijiongoza, au kompyuta iliushika usukani wake. Tena hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililostahili kuitwa "lisilo na dereva". Magari yanayobeba abiria wa kawaida bila mtu yeyote kwenye kiti cha mbele yalikuja baadaye sana. Kampuni ya Waymo ilifungua huduma hiyo kwa umma kule Phoenix, Arizona, Oktoba 2020, na hayo ndiyo unaweza kuyaita magari yasiyo na dereva bila wasiwasi.

Wahandisi wamelitambua tatizo hili. Tangu 2014 shirika lao la SAE limegawa magari katika ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Katika ngazi ya 2 gari linaweza kushika usukani, mafuta na breki kwa pamoja, lakini dereva anatakiwa asiondoe macho barabarani. Hapo andika "mfumo wa kumsaidia dereva", hata kama tangazo la muuzaji linasema vingine. Ngazi ya 3 gari hujiendesha lakini linaweza kumtaka mtu alipokee. Ngazi ya 4 halimhitaji mtu, mradi liwe ndani ya eneo au hali lililotengenezewa. Ngazi ya 5 ni gari la kwenda popote, na hilo bado halipo.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu neno likikosewa hapa, lawama nayo inahama. Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akikokota baiskeli. Ukiandika kwamba aligongwa na gari lisilo na dereva, umeandika uongo: kitini alikuwepo mtu aliyeajiriwa kulisimamia gari, na ndiye aliyeshtakiwa mwaka 2020.

Ajali hiyohiyo inatufundisha kuchagua vitenzi. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kwamba vifaa vya gari vilimnasa mwanamke yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kompyuta ikambadilisha-badilisha: mara ni gari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni baiskeli. Haikumtambua hata mara moja kuwa ni mtu anayetembea kwa miguu. Kwa hiyo "gari halikumwona" si sahihi, na "gari lilimwona" nalo linapotosha. Rada hunasa; programu hutambua, au hushindwa kutambua. Watafiti wengi wa fani hii wanashughulikia pengo hilohilo kati ya kunasa na kutambua, na mfasiri akitumia "kuona" kwa yote mawili, msomaji hataelewa wanachotafuta.

Sasa "gari lenye akili". Katika makongamano ya fani hii jina hilo ni pana kuliko kujiendesha. Linajumuisha hata gari linaloendeshwa na mtu lakini likampigia kengele anapoacha mstari wake, au likafunga breki lenyewe mtoto akikatiza mbele. Mimi napendelea "magari mahiri", kwa sababu "lenye akili" linampa msomaji picha ya kiumbe kinachofikiri, na watafiti wenyewe hawadai hivyo.

Na "usalama wa gari"? Msomaji anaweza kudhani ni kinga dhidi ya wezi. Ukitaja watumiaji wa barabara, utata unaisha. Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika: "Watafiti wanachunguza jinsi magari yanayojiendesha yanavyoweza kuwa salama kwa abiria na kwa watumiaji wengine wa barabara." Lakini kabla ya kuituma kwa mhariri, muulize mwandishi wa utafiti anazungumzia ngazi ipi. Akijibu ya 2, toa "yanayojiendesha" uweke "magari yenye mifumo ya kumsaidia dereva".